Kwa Nini Sikukupeleka kwa Fundi Viatu

Hadija mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Nakusikia chumba cha pili, wewe na mama yako mnabishana kama kanga mpya iingie sandukuni au uivae kesho. Ya chakula cha njiani, ya nguo na ya kujiangalia na wageni mama yako amekwisha kukwambia, na anayajua kuliko mimi. Mimi nakuandikia habari ya kiatu chako. Barua hii nitakupa kesho kituoni Korogwe, uisome gari likishaondoka, maana najijua: tukiwa tumesimama pamoja nitazungumza habari ya mizigo tu.

Wenzako kiatu kikichakaa huenda dukani, wakajaribu kingine, wakavaa, yakaisha. Chako hakipo katika duka lolote. Tangu ile homa ya utotoni iliyouacha mguu wako wa kushoto mfupi na mwembamba, umekuwa mtu wa kiatu cha soli nene, na kiatu cha namna hiyo ni cha kutengenezwa na kutengenezwa tena. Kitaisha upande wa nje kama kawaida yake. Mvua zikinyesha kitafumuka. Huko Tanga, katikati ya masomo yako ya ualimu, itabidi umtafute fundi, naye atakwambia kesho. Utakwenda kesho, atakwambia kesho tena. Hapo ndipo mimi nilipoharibu, na kuna sehemu ya habari hiyo ambayo hujapata kuambiwa.

Wewe umenizoea huku Kang'ata, mtu wa jembe na mahindi. Lakini ulipokuwa mdogo tulikaa kambini, kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe, nami nilikuwa mnyapara. Kazi ya mnyapara ni sauti. Asubuhi niliwagawia vibarua mistari yao ya kukata, jioni nikapita kuangalia nani kamaliza. Asiyemaliza nilimpigia kelele mbele ya wenzake, na kesho yake alimaliza. Basi nikaamini kwamba watu wote ndivyo walivyo: ukimkaripia mtu, mkono wake huongeza mwendo. Sauti hiyo nilirudi nayo nyumbani kila jioni. Nadhani unaikumbuka.

Fundi Mhina alifanya kazi barazani kwenye duka moja la nguo pale Korogwe, kando ya washonaji wawili wa cherehani. Sitamsifu kupita kiasi eti kwa sababu nina aibu mbele yake. Alikuwa mzito. Alipokea kazi ya kila mtu kwa kuwa hakuweza kumwambia mtu hapana, na viatu vya watu vikamjaa mbele na nyuma mpaka akawa hana pa kunyoosha miguu. Akipita mtu mwenye habari za kwao milimani, sindano ilibaki hewani mpaka habari ziishe. Na hiyo "kesho" yake aliitoa kwa sauti ile ile aliyoitikia salamu. Lakini alichokishona yeye hakikufumuka.

Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi. Soli ya kiatu chako, kile ulichopewa hospitali, ikaachana na ngozi. Nikampelekea Mhina. Akakigeuza, akaigonga soli kwa kidole.

"Hii haifai kubandikwa juu juu," akasema. "Nitaivua yote nijenge upya. Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto yuko nyumbani. Unamtakia nini? Kiatu si hicho hapo?"

"Nataka nione anavyosimama. Mguu wa mtoto hautulii mahali pamoja."

"Tengeneza, bwana. Jumamosi nitapita."

Jumamosi hakikuwa tayari. Nikapita tena, bado. Nikapita tena, nikaambiwa kaenda mazikoni. Wakati wote huo wewe ulikuwa ukikaa mlangoni kuwatazama wenzako wakienda shule, maana bila kiatu kile ulitembea kwa kushika ukuta. Kila nilipokuona pale moyo uliniuma, na mimi maumivu ya moyo sikuyajua yana njia gani nyingine ya kutokea isipokuwa kelele. Basi niliyachukua yote nikampelekea Mhina.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko, watu wamejaa. Nilimkuta kiatu chako anacho mkononi. Soli ilikuwa mpya, ngozi juu ya ngozi, ameizungushia kamba kuibana.

"Kimekwisha?"

"Kimebaki kidogo. Gundi haijashika, na kushona bado. Nipe mpaka keshokutwa, na safari hii uje na mtoto."

"Keshokutwa! Kila siku keshokutwa! Ungekuwa kibarua wangu ningekwisha kukufukuza, ukalale njaa na wanao."

Watu wakageuka. Mhina akanitazama, akasema taratibu, "Lakini mimi si kibarua wako, Sefu."

Kwa neno hilo nikapiga teke sahani yake ya misumari. Iliruka kutoka barazani, misumari ikamwagika barabarani kwenye tope. Nikamnyang'anya kiatu nikaondoka. Nilipogeuka nilimwona kapiga magoti topeni, mtu aliyenizidi umri, anaokota msumari mmoja mmoja, na wale washonaji wawili wameacha cherehani zao wanamsaidia. Nikaenda zangu nikijiona mshindi.

Wiki ile lori la shamba lilikwenda Mombo, nami nikapanda. Pale yanaposimama mabasi ya Lushoto palikuwa na mtu wa kushona viatu vya abiria. Alikuwa mwepesi wa ajabu. Wateja wake wote walikuwa watu wa kuondoka. Kazi yake ikifumuka, ilifumukia mbali. Hilo halikunijia akilini. Alizikata kamba za Mhina, akaigongomea soli misumari kuizunguka yote, na dereva wetu hajamaliza chai yake, kiatu kikawa tayari.

Niliingia nyumbani nimekiinua juu. "Mnaona? Kikombe kimoja cha chai! Yule mvivu wa Korogwe angetuweka mpaka mavuno."

Ukakivaa. Ukatembea mpaka kwenye jiwe la kufulia, ukarudi.

"Vipi?" nikakuuliza.

"Kizuri, baba."

Nami nikacheka, nikamwita na jirani aje akuone.

Yaliyofuata unayajua, mguu ni wako. Lakini niache niyaseme, kwa sababu sijapata kuyasema mbele yako. Ulikwenda shule na kurudi, siku baada ya siku, na mimi nilipokuona unachechemea zaidi nilisema kiatu ni kipya, kitalainika. Mama yako ndiye aliyekuta damu kwenye kitambaa ulichokifutika chini ya mkeka. Alipokivua kiatu, ncha ya msumari ilikuwa imetokeza ndani, na wewe ulikuwa umeufunga mguu kwa majani ya mgomba. Mguu umevimba, na mwili wote unawaka. Tulikubeba kwa machela mpaka hospitali. Kidole chako cha mwisho kilikatwa, na mahindi tuliyoyaacha yamechipua tuliporudi nawe nyumbani yalikuwa yamekwisha vunwa. Wenzako wakaenda darasa la mbele, wewe ukabaki.

Pale hospitali, homa ilipokuacha, niliinama nikakuuliza, "Mwanangu, mbona hukusema?"

Ukanijibu, na nadhani umekwisha sahau: "Niliogopa utakwenda kumpiga fundi."

Umri wako ule! Ulikanyaga msumari, siku zote zile, ili mtu usiyemjua asipigwe na baba yako. Nilitoka nje nikasimama ukutani.

Hapo ningejifunza, sivyo? Sikujifunza yote. Ulipotoka hospitali ulihitaji kiatu kipya kabisa, na yule wa Mombo sikutaka hata kumsikia. Nikarudi kwa Mhina. Nilichukua jogoo mkononi, lakini kinywani sikuchukua kitu. Nilimwambia, "Nimekuja tuyamalize. Mtoto anataka kiatu." Kama vile tuliyakosea sote wawili, sawasawa. Akamtazama jogoo, akanitazama mimi.

"Mtoto nitamtengenezea," akasema. "Mlete na mama yake. Lakini wewe usipande barazani kwangu tena. Na jogoo wako rudi naye."

Hilo ndilo ambalo hujapata kuambiwa. Toka siku ile, kila ulipokwenda kupimwa, kila soli ilipoongezwa, ni mama yako aliyekupeleka, hata tulipokwisha hamia Kang'ata na safari ikawa ya kudandia malori kupitia Handeni. Mimi nilikuja nanyi mpaka sokoni Korogwe, kisha nikasema nina mtu wa kuonana naye. Sikuwa na mtu. Nilivuka ng'ambo, kwenye duka la chumvi, kamba na mafuta ya taa, nikawa kama mnunuzi, nashika kamba hii, naacha, nashika ile, na macho yangu yapo kwenu.

Jioni moja ulidhani nimelala, ukamwuliza mama yako, "Mama, baba anaona haya kutembea na mimi?"

Mama yako akakwambia, "Baba yako ana shughuli nyingi."

Niliyasikia yote mawili, Hadija. Ningeinuka nikakwambia, hapana, mimi nimekatazwa kwa tabia yangu mbaya, wewe huna la kuonewa haya. Maneno yangekuwa hayo tu. Lakini kumwambia mtoto wangu kwamba baba yake amefukuzwa kama mbuzi kwenye baraza la fundi viatu, niliona ni aibu kubwa kuliko kukuacha ulale na swali lile. Nikageukia ukutani. Kosa la msumari nililifanya kwa hasira. Hili la pili nililifanya nikiwa nimetulia, na nikaendelea kulifanya miaka, kila safari ya Korogwe.

Yale niliyoyaona toka ng'ambo, na maneno niliyosimuliwa na mama yako, ndiyo ninayotaka uyachukue. Nilimwona mama yako akifika, akimwamkia Mhina, akiuliza habari ya macho yake yaliyokuwa yakimsumbua, kisha ndipo akaitoa kazi. Hakumwuliza "lini?" kwanza. Alimwuliza, "Fundi, umekosa nini ili uanze?" Mara nyingine ilikuwa ngozi, imeagizwa haijafika. Mara nyingine uzi. Mara nyingine, mama yako aliniambia, Mhina alicheka akasema, "Nimekosa akili, mama Hadija, nimepokea kazi nyingi mno." Basi naye akamwambia, "Nipe siku ya kweli, hata ikiwa mbali. Siku ya kunifurahisha siitaki." Na akamletea kiatu kiangazi, kikiwa kimeanza kulegea tu, hakungoja kipasuke mvuani ambapo kila mtu ana kiatu kilichopasuka. Cha zamani hakukitupa, ili uwe na cha kuvaa wakati wa kungoja. Na siku zote alikupeleka wewe mwenyewe usimame mbele ya fundi, akautazama mguu. Mimi nilimpelekea kiatu kisicho na mtu.

Wala usidhani alikuwa akimbembeleza. Safari moja Mhina alisema kiatu kimebaki kukauka tu, na mama yako akakiona nyuma yake, hakijaguswa. Hakupaza sauti. Akamwambia, "Fundi, hilo si kweli, na mimi na wewe tunajua." Kisha akatandika kanga pale pale barazani, akatoa maharage yake kwenye kikapu, akaanza kuchambua. Ulikaa ubavuni pake ukimsaidia. Hakuondoka mpaka kiatu kikaanzwa, na kilipoanzwa Mhina alikwenda nacho mpaka mwisho, wanazungumza habari za mvua. Nilisimama ng'ambo mpaka muuza chumvi akaniuliza kama naumwa. Kumbe mtu anaweza kukataa kudanganywa bila kumwaga misumari ya mwenzake. Umri wangu wote sikuwa nimeliona jambo hilo likitendwa.

Sasa nikueleze habari ya jana, uliponiuliza mbona nimerudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi, nikakwambia lori lilichelewa. Lori halikuchelewa.

Mama yako alikuwa aende Korogwe kukuchukulia kiatu cha safari. Nikamwambia nitakwenda mimi. Alinitazama kidogo, akanipa kikapu.

Nilifika nikasimama barabarani, chini ya baraza. Mhina amezeeka sana, anakishika kiatu karibu na pua. Nikasema, "Shikamoo, mzee Mhina." Sikuwa nimepata kumwamkia hivyo hata siku moja.

"Marahaba. Nani huyo? Mbona unasimama juani?"

"Ni Sefu, baba yake Hadija. Ulinikataza kupanda."

Akaiweka sindano. "Nilikukataza lini?"

"Hadija alipotoka hospitali."

Akahesabu miaka kwa vidole. Halafu akasema, "Ni kweli, nilisema. Nilikuwa na uchungu. Lakini nilidhani utakaa mwezi, miezi miwili, kisha utakuja useme neno, tuyaache. Mkeo nilimwuliza mara nyingi: baba Hadija yuko wapi? Akaniambia una shughuli."

"Sikuwa na shughuli."

"Najua. Macho yalikuwa bado yanaona mbali. Nilikuwa nakuona kwa muuza chumvi. Nikajiambia, huyu kiburi hakijamtoka, mwache. Nami nikakaa na changu."

Mwanangu, hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote ile niliyokuacha uvuke barabara na mama yako, mlango haukuwa umefungwa. Palikuwa na wanaume wawili wanatazamana toka upande huu na upande huu, kila mmoja anamngoja mwenzake, na mtoto anapita katikati akidhani mguu wake ndio wenye makosa.

Nikasema neno lenyewe. Nilisema, "Nisamehe, mzee. Nilikukosea mbele za watu, na mtoto ndiye aliyelipa." Lilikuwa neno fupi sana. Mtu hawezi kuamini kwamba kitu kidogo vile kinaweza kukaa kifuani muda mrefu vile. Mhina hakulia wala hakunikumbatia. Alisema, "Haya. Panda uketi, basi, unaniziba mwanga."

Kiatu hakikuwa tayari. Kisigino kilikuwa bado, na mkono wake sasa ni mzito maradufu. Lori la mchana likapiga honi, likapita, nami sikumwambia kitu. Nilikaa mpaka akakimaliza. Akaniuliza habari yako, nikamwambia unakwenda kuwa mwalimu. Akasema, "Mwambie huko aendako amwonyeshe fundi jinsi anavyosimama, asimpe kiatu tu." Nikasema nitamwambia. Basi nimekwambia.

Sina ahadi kwamba utapata fundi mwema huko. Wengine watakudanganya kwa sababu ni waongo, na hao waache upesi, bila matusi. Wengine watakuchelewesha kwa sababu kazi ni nyingi na mikono ni miwili, na hao kaa nao. Utajua wepi ni wepi ukikaa muda kidogo barazani kwao kabla ya kusema lolote. Mimi sikukaa hata mara moja, mpaka jana.

Na kiatu kikikuuma, sema. Mwambie fundi, mwambie mwalimu wako, tuandikie na sisi. Usimfichie mtu maumivu ili kumwokoa na hasira ya mwingine. Kama kuna atakayekasirika, hiyo ni kazi yake mwenyewe kuimeza. Ulipaswa kufundishwa hivyo na mimi ukiwa mdogo, na mimi nikakufundisha kinyume chake.

Ukisoma haya gari litakuwa limekwisha ondoka, na hili ninaloliazimia usiku huu litakuwa limetendeka. Utakuwa unajiuliza kwa nini leo, tuliposhuka kwenye lori Korogwe, sikukubali tupite uchochoro wa nyuma unaofika kituoni upesi, nikasema tupite barabara kubwa, katikati ya soko, mbele ya maduka yote. Na kwa nini nilimpa mama yako sanduku, nikakushika mkono wewe, nikatembea kwa mwendo wako. Nilitaka kutembea nawe, Hadija, watu wote wakituona. Ndiyo mara yangu ya kwanza, na nasikitika kwamba imekuwa siku ya kuagana.

Baba yako,
Sefu